Treni ya Lego inazima ikitaka kuondoka na haisimami stesheni palepale, naomba msaada wakuu

reli_ya_kusini (Mtwara) ameuliza:

Habari za jioni wakuu. Mi nipo Mtwara mjini, Chikongola. Mwaka jana kuna familia ya kigeni ilikuwa inahama Shangani mkataba wao wa kazi umeisha, wakawa wanauza vitu vya ndani, nikanunua boksi la Lego kwa ajili ya mpwa wangu aliye darasa la sita. Tulipolimwaga chini tukakuta reli za plastiki kibao na vichwa viwili vya treni na mota zake, sijawahi kumuona yule mtoto amefurahi vile. Toka siku hiyo jumamosi zetu zote zinaishia kwenye ile meza.

Rimoti iliyokuja nayo ni ya mwanga usioonekana kama ya tivii, chumbani inashika vizuri ila barazani kukiwa na jua haishiki kabisa, na meza yetu ipo barazani maana ndani hakuna nafasi, ni plaiwudi nzima ya futi nne kwa nane. Reli tumezipanga mduara mrefu, kona 16 na za kunyooka 16, kwa hiyo mzunguko mzima ni kama mita 4 hivi. Tumeweka stesheni mbili, upande mmoja Mtwara upande wa pili Nachingwea, mpwa wangu alisikia shuleni kwamba zamani kulikuwa na reli huku kwetu basi akasema na yeye anaijenga upya.

Sasa kichwa kimoja nimekifungua nikatoa kile kipokezi chake nikaweka bodi ya D1 mini yenye ESP8266 (kikompyuta kidogo chenye waifai), na draiva ya mota, yaani bodi inayoigawia mota umeme, L298N ile nyekundu yenye chuma cha kupozea, betri ni 18650 mbili nilizotoa kwenye betri mbovu ya laptopu. Volti 5 za bodi nazitoa kwenye hiyohiyo L298N. Kila stesheni nimeweka sensa pembeni ya reli, treni ikikatiza sensa inaambia laptopu kwa waifai, laptopu inatuma amri ya kusimama kwa treni.

Matatizo ndo haya. Kwanza nikibonyeza kuondoka treni inashtuka kidogo halafu bodi inazima na kuwaka upya, mara nyingine inaondoka mara nyingine inagoma, na mabehewa matatu ndo haiendi kabisa. Pili ikifika stesheni haisimami palepale, leo inasimama vizuri kesho inapitiliza jukwaa zima. Na la tatu ndo limeniuma, juzi umeme ulikatika ruta ikazima, treni ikaendelea na spidi yake ileile nami sina namna ya kuisimamisha, ikakivaa kile kichwa cha pili kilichokuwa kimeegeshwa vyote vikadondoka kwenye sakafu ya saruji. Mtoto alilia kweli. Tumeokota vipande mpaka usiku.

Ninachotaka ni treni zote mbili ziende zenyewe, zisimame stesheni, zipishane, bila mimi kushika simu. Nianzie wapi?

fundi_wa_Ligula amejibu:

Pole sana kaka na mpe pole na mpwa. Mi ni fundi redio kwa hiyo nitaongelea umeme tu, hayo ya mawasiliano watakuja wenyewe.

Tatizo la kwanza lipo kwenye hiyo L298N. Ile draiva ni ya transista za zamani, inakula karibu volti 2 yenyewe kabla mota haijapata kitu, ndo maana ina lile chuma kubwa la kupozea, umeme wako wa betri unaishia kuwa joto. Halafu kibaya zaidi ni hapo unapochukua volti 5. Kale ka regyuleta kalikopo juu yake kanataka kuingiziwa kama volti 7 ndo katoe 5 iliyotulia, we betri zako mbili kwa pamoja ni 7.4, tena za laptopu mbovu maana yake zimechoka ndani, mota ikianza kuzunguka inavuta umeme mwingi kwa ghafla kuliko ikishakuwa kwenye mwendo, betri zinashuka labda mpaka 6 na kitu, regyuleta inashindwa, bodi inakosa volti 3.3 zake inazima. Mota ikikata volti zinapanda bodi inawaka. Na ESP8266 yenyewe kila inaporusha waifai inavuta mamia kadhaa ya miliampea kwa mapigo, kwa hiyo ikigongana na mota kuanza ndo kabisa.

Usiniamini mimi, chukua malitimita (kile kipimo cha volti) weka kwenye betri, mwambie mpwa abonyeze kuondoka uangalie namba inashuka mpaka wapi. Ukiona mwenyewe hutasahau.

Cha kufanya, toa L298N weka DRV8833. Ni kabodi kadogo kama kucha ya kidole gumba, inatumia mosfeti, transista za kisasa, kwa hiyo haili volti zako, inapokea mpaka volti 10.8 na betri zako zikijaa ni 8.4 kwa hiyo upo salama, na inabeba ampea 1.5 kwa kila mota inatosha kabisa. Angalia pini yake ya kulala (SLEEP) iunganishwe kwenye 3.3 ya bodi la sivyo utakaa siku nzima unadhani imekufa. Volti 5 za bodi zipate njia yake kwa kibodi cha kushusha volti, vile vidogo vya koili, usipitishe kwenye draiva tena. Weka kapasita ya maikrofaradi 1000 ya volti 16 kwenye njia ya betri karibu na draiva, na kale ka kapasita kadogo ka 0.1 ukachomelee kwenye miguu ya mota yenyewe kameze kelele. Afu kwenye programu usiipe mota nguvu zote kwa mara moja, ipandishe taratibu kwa sekunde moja au moja na nusu, hata treni ya kweli haichomoki.

Na hizo betri nakuomba sana. Pima kila moja peke yake, ikikaa siku mbili bila kazi ikashuka itupe. Kile kichaji kidogo cha TP4056 ni cha betri moja, usikiunganishe kwenye mbili zilizofuatana. Zitoe uzichaji moja moja au weka bodi ya ulinzi ya betri mbili pamoja na kichaji cha betri mbili. Usiache inachaji umelala, na joto la huku unalijua.

reli_ya_kusini ameandika:

Asante sana fundi. Nimepima sasa ivi, ikiwa imetulia inasoma 7.5, akibonyeza inaenda 5.9 afu bodi inakufa. Yaani wiki tatu nilikuwa narekebisha programu kumbe programu haina kosa. DRV8833 hapa mjini sijaipata naagiza Kariakoo itapanda basi.

dada_wa_Lindi amejibu:

Kaka yangu hongera kwa kumfundisha mtoto, na mimi Lindi huku nina meza kama hiyo ila ndogo. Niseme kuhusu kusimama.

Angalia safari ya amri yako ilivyo ndefu. Treni inapita sensa, sensa inaambia laptopu, laptopu inafikiri, inatuma kwa ruta, ruta inatuma kwa treni. Waifai ikiwa nzuri hiyo inaweza kuwa milisekunde 20, ikiwa na shughuli ni 200 au zaidi, na haitabiriki. Sasa treni yako ikienda sentimita 40 kwa sekunde, milisekunde 200 ni sentimita 8. Vichuchu vya Lego, vile vinundu vya juu ya tofali, vimepishana milimita 8, kwa hiyo umepitiliza vichuchu kumi kabla amri haijafika, na kesho waifai ikiwa nyepesi unapitiliza kimoja. Ongeza na betri, ikiwa imejaa treni inakimbia ikipungua inatambaa. Huwezi kupata kusimama palepale kwa njia hiyo hata ununue ruta ya bei gani.

Kitu kilichonisaidia mimi ni kugeuza. Sensa isikae pembeni ya reli, ikae tumboni mwa treni, na kwenye reli uweke sumaku. Treni ikiona sumaku ya kwanza inapunguza mwendo mpaka wa kutambaa, ikiona ya pili inasimama, inaamua yenyewe ndani ya milisekunde moja mbili bila kumuuliza mtu. Laptopu kazi yake ibaki kusema we nenda we subiri. Mi treni yangu inasimama ndani ya kichuchu kimoja kila siku, betri ijae isijae, kwa sababu ile sehemu ya mwisho inatambaa tu.

Sumaku ndogo zile kali zipachike katikati ya mataruma, umbali wake na sensa usizidi sentimita moja. Sensa ni ya Hall, yaani inayohisi sumaku, A3144, ina miguu mitatu na bei yake ndogo. LAKINI nisikilize hapa maana mi nilipoteza mwezi: viunganishio vya mabehewa ya Lego vina sumaku, na mota yenyewe ndani ina sumaku. Ukiweka sensa mwisho wa kichwa karibu na behewa itakuwa inaona sumaku muda wote. Iweke katikati mbali na vyote viwili.

Na kama upo karibu na bahari kama mimi, zile waya za kuchomeka zitaota kutu kwenye pini, chumvi ya hewani haina huruma. Zichomelee.

sauti_ya_Naliendele amejibu:

Nyongeza kwa dada. A3144 inataka kuanzia volti 4.5, watu wanaiweka kwenye 3.3 ya bodi inafanya kazi nusu nusu halafu wanalaumu sumaku. Ipe 5, mguu wa kutoa haurushi volti wenyewe unavuta chini tu, kwa hiyo weka resista ya kilo omu 10 kutoka huo mguu kwenda 3.3 na bodi haitaungua. Na inaona upande mmoja tu wa sumaku, ikigoma igeuze sumaku.

Halafu D1 mini usiunganishe draiva kwenye D3, D4 wala D8, hizo pini bodi inazisoma inapowaka, utakuta treni inaruka yenyewe ukiwasha au bodi inakataa kuwaka. Tumia D1, D2, D5, D6. Na kama umechukua programu ya mtandaoni ya zamani, zamani namba ya spidi ilikuwa 0 mpaka 1023, kuanzia toleo la 3.0 la vifaa vya ESP8266 kwenye Arduino (ile programu ya kuandikia amri za bodi) ni 0 mpaka 255, ukiandika 600 inahesabu ni mwisho. Hilo limesumbua wengi.

bomba_Msimbati amejibu:

Mi natofautiana kidogo kuhusu laptopu. Tumia MQTT. Hii itifaki, yaani utaratibu wa vifaa kutumiana ujumbe, iliundwa 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, sehemu ambazo mawasiliano ni hafifu na ya kukatika, kwa hiyo sisi tunaokaa jirani na bomba la gesi tungekuwa wa kwanza kuielewa. Ina kitu kinaitwa wosia, kifaa kikijiunga kinaacha ujumbe wake wa mwisho kwa seva, kikipotea bila kuaga seva inautangaza kwa wote. Treni A ikipotea treni B inaambiwa isimame. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, inatosha kuwa seva, na unaweza kuchora ramani yote kwenye simu ukaona kila treni ipo wapi.

dada_wa_Lindi amejibu:

Kaka wa Msimbati MQTT naipenda, naitumia kazini. Ila kwa hii meza ruta ikizima seva na wosia wote umezima, na mwenzetu kilichomuumiza ndo hicho hicho. Na wosia haupigwi palepale, seva inasubiri muda wa uhai uliowekwa upite, inaweza kuwa sekunde nyingi. Treni imeshafika sakafuni.

Mi natumia ESP-NOW. Bodi zinaongea zenyewe kwa zenyewe bila ruta, kila ujumbe hauzidi baiti 250 na hapa hata 10 hazifiki. Kuna bodi ya tatu pale stesheni, inalishwa na pawabenki, kila milisekunde 200 inarusha neno moja: nipo. Treni ikikaa sekunde moja haijasikia hilo neno inapunguza mwendo na kusimama, bila kuuliza kwa nini. Umeme ukatike, bodi iungue, mtoto achomoe waya, jibu ni moja, treni imesimama. Ila kwenye programu usitumie delay(), ile amri ya kusubiri, mahali popote, maana ikiwa imelala kwenye delay haisikii wala haihesabu, tumia millis(), ile saa ya ndani ya bodi.

Simu na MQTT viongezwe baadaye kwa kutazama tu. Kusimama kusitegemee mtandao.

bomba_Msimbati amejibu:

Hapo kwenye ruta kuzima umenishinda dada, nakubali. MQTT ibaki kwa ramani.

mzee_wa_stesheni (Masasi) amejibu:

Vijana wangu nimesoma nimefurahi. Hiyo reli ya Nachingwea baba yangu alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia. Waingereza walianza ule mpango wa karanga mwaka 1947, bandari ya Mtwara na reli vikajengwa ili karanga zipite, mpango ukafa 1951 karanga zenyewe zikiwa chache mno, reli ikaendelea kubeba kidogo kidogo ikafungwa 1962, na chuma zikang'olewa. Mwambie huyo mtoto kwamba reli ilikuwepo kweli, asidhani ni hadithi.

Kuhusu treni mbili kupishana. Mmeongea vizuri namna ya kusimama lakini hamjasema nani aruhusiwe kwenda. Reli nyingi za njia moja zilikuwa na utaratibu huu: njia inagawanywa vipande, na kila kipande kina kitu kimoja cha kushika mkononi, fimbo yenye jina la kipande. Dereva haingii kwenye kipande mpaka amekabidhiwa kile kitu mkononi. Kwa kuwa ni kimoja tu duniani, treni mbili haziwezi kukutana mle ndani hata stesheni masta awe amesinzia. Akifika anakikabidhi, anayesubiri anakichukua.

Nyie wa kompyuta mnaweza kufanya hivyohivyo bila fimbo.

reli_ya_kusini ameandika:

Shikamoo mzee wangu. Nimemsomea mpwa post yako, amekimbilia kuandika 1962 kwenye ubao wa stesheni yetu ya Nachingwea. Nimeelewa hivi naomba mnisahihishe: mzunguko naugawa vipande viwili, Mtwara kwenda Nachingwea na Nachingwea kurudi Mtwara. Bodi ya stesheni ndo inatunza hizo fimbo mbili. Treni ikiwa imesimama inaomba, kama ipo inapewa, kama haipo inasubiri. Sasa swali, ujumbe wa kukabidhi ukipotea hewani inakuwaje?

dada_wa_Lindi amejibu:

Shikamoo mzee, asante sana kwa hilo.

Umeelewa vizuri kaka. Ujumbe ukipotea lazima upotee upande wa salama. Treni ikiomba isijibiwe, inakaa palepale inaomba tena baada ya nusu sekunde. Stesheni ikishatoa fimbo isiitoe tena kwa mwingine mpaka iliyopewa irudishe yenyewe, hata kama imenyamaza dakika kumi. Kila ombi lipe namba ili likirudiwa stesheni ijue ni lilelile isihesabu mara mbili. Na ukiwasha meza upya, fimbo zote zichukuliwe kuwa HAZIPO mpaka kila treni ipite kwenye sumaku na kusema nipo hapa. Watu wengi wanakosea hapo, wanawasha wakidhani njia ipo wazi kumbe treni ilizimika katikati ya kipande.

Kurudisha fimbo isiwe kichwa kikifika, iwe behewa la mwisho limeingia. Sumaku ya kusimama isogeze mbele kiasi cha urefu wa treni nzima.

fundi_wa_Ligula amejibu:

Na zile reli za kugawa njia tumia servo ndogo za SG90, vile vimota vinavyogeuka mpaka pembe unayoiamuru, ila zipe umeme wake wa volti 5 usichange na bodi. Ikishageuza uikatie ishara, la sivyo inakaa inanguruma inakula betri na gia zake ni za plastiki.

reli_ya_kusini ameandika:

Wakuu narudi na majibu, wiki tatu zimepita. DRV8833 zilifika nikafunga mbili, kapasita, kibodi cha kushusha volti, na betri mpya nne nilizoletewa pamoja nazo zile za laptopu nimezitoa. Mabehewa matano inavuta bila kushtuka. Malitimita inashuka mpaka 7.6 tu ikiondoka.

Sensa mara ya kwanza niliweka vibaya karibu na mota kama dada alivyoonya, nikaihamisha katikati ikakubali. Mpwa wangu ndo aliyepachika sumaku zote, moja ilikuwa imegeuka akaigundua mwenyewe kwa kulinganisha na nyingine. Sasa kichwa chekundu kikisimama Mtwara mlango wa behewa la pili unakaa sawasawa na ngazi ya jukwaa, tumehesabu mara ishirini, mara kumi na tisa ni palepale na mara moja kichuchu kimoja pembeni.

Jana usiku umeme umekatika tena, treni zote mbili zipo njiani. Bodi ya stesheni ipo kwenye pawabenki zikaendelea kama kawaida gizani na taa zake ndogo. Nikachomoa pawabenki makusudi. Nikahesabu sekunde moja, zote zikapunguza, zikasimama. Mtoto akapiga makofi mpaka mama yake akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Kilichobaki ni zile servo za kupishana Nachingwea, moja inageuza nusu njia kichwa kinachomoka relini, nadhani fito niliyoifunga inapinda. Fundi ukipata nafasi jumamosi pita Chikongola uione, mpwa anasema kama mzee wa Masasi akija mjini na yeye apite, kuna stesheni anataka amuonyeshe.